Waume Kumi na Tisa wa Mlango Mmoja

Jumamosi, 5 Julai

Rory Delacourt ametuacha. Au sisi ndio tunamwacha, sijaelewa nani ameanza. Wamemhoji kwenye redio moja ya Melbourne kuhusu mashoga waliombeba mgongoni miaka kumi, tangu alipokuwa akiimba kwenye baa zenye zulia linalonata. Akacheka. Akasema tulikuwa watu wakarimu sana, lakini sasa ana mchumba, anaimbia familia. Tulikuwa! Kama marehemu.

Gavan Stride hakungoja hata pai yake ipoe. Huyu ndiye mwenyekiti wa klabu yetu, msusi wa nywele, sauti kama king'ora. Kapanda juu ya kiti na kutangaza kwamba Mume wa Klabu apewe talaka, tena tatu kwa mpigo, na kura ipigwe tarehe kumi na tisa. Nikamwonya kwamba kiti kile mguu mmoja ni mbovu. Hakuanguka. Siku yangu imeharibika.

Naandika kanuni hapa nizikague kama ninavyokagua pindo, nione uzi uliolegea. Klabu ina mume mmoja. Lazima awe mwanamuziki, awe hai, na asijue kwamba tumeolewa naye. Sura yake inachorwa kwenye mlango wa zamani wa chumba cha kubadilishia nguo, uliobaki tangu jengo lilipokuwa la wazee waliocheza matufe kwenye nyasi, na mlango huo umetundikwa ukutani juu ya kaunta. Akiachwa, hapelekwi nyumbani kwa mtu. Mume wa wote hawi wa mmoja. Anapakwa rangi nyeupe, tunaiita sanda, kisha anayefuata anachorwa juu yake. Mlango ni uleule tangu 1997, mwaka ambao sheria ya hapa Tasmania iliacha kutuita wahalifu. Waume kumi na tisa wamelala humo, mmoja juu ya mwenzake. Mlango umenenepa.

Wote kumi na tisa walichorwa na Alby. Alby wangu. Rory ndiye wake wa mwisho. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa alipolazwa hospitali, na Agosti ile hakurudi.

Kuna jambo najua mimi peke yangu. Alby alipokuwa akimalizia sura ya Rory alinikalisha jikoni saa mbili nzima, akanikataza kutafuna. Mwisho akaninong'oneza kwamba mdomo ule si wa Rory, ni wangu, na nisimwambie mtu. Basi mwaka wa pili huu watu wanaingia baa, wanainua macho, wanausifu mdomo wangu. Mimi mwenyewe nina miaka sitini na moja, mshona mapazia mstaafu, tumbo limetangulia. Hakuna anayenitazama tangu Alby aondoke.

Wakimvisha Rory sanda, wamefukia kazi ya mwisho ya mkono wa Alby, na mdomo wangu ndani yake. Haitakuwa. Nina mpango.

Jumatano, 9 Julai

Mgombea wao nimemjua. T-Loa. Jina la nyumbani Tevita Loa, rapa, mtoto wa magharibi ya Sydney, shingo kama nguzo ya umeme. Miaka minane iliyopita alitutukana wimbo mzima, beti tatu na kiitikio. Gavan aliandikia gazeti barua ya kurasa mbili. Shaz, anayeuza vinywaji baa, alizitoa nyimbo zake zote kwenye mashine ya muziki, akaapa kwamba kijana yule hatasikika humu mpaka yeye azikwe.

Mwaka huu T-Loa kasimama jukwaani Brisbane, mjomba wake ambaye ni mwenzetu yuko kando yake na shada la maua shingoni, akaomba radhi huku akilia makamasi. Basi. Yamekwisha. Shaz kazirudisha nyimbo zote, na bado hajazikwa.

Nilimwuliza Gavan hesabu hizi zinajumlishwaje. Aliyetupenda miaka kumi akachoka ni nyoka, aliyetutukana akalia ni mchumba? Akanipapasa bega kwa upole wa kuudhi. "Mla ni mla leo, shosti. Mla jana kala nini?"

Sawa. Nimechapisha maneno ya wimbo ule wa matusi kwa herufi kubwa. Jumamosi kuna bahati nasibu ya nyama, ukumbi utajaa. Nitayasoma kwenye maikrofoni, polepole, kama tangazo la msiba. Tuone nani atapiga kura baada ya hapo.

Jumamosi, 12 Julai

Mambo yamekwenda ndivyo sivyo.

Ubeti wa kwanza kimya, watu wameinamisha vichwa. Nikajiona mshindi. Ubeti wa pili nikasikia Shaz anagonga sinia kwa vidole. Kwenye kiitikio Dominic Hsu akasimama. Dominic anachora mabango ya maduka, hajafika thelathini na tano, kiuno hakimtulii. Akaanza kucheza. Wakamfuata. Watu wazima wenye magoti ya chuma wanacheza matusi yao wenyewe, na mimi ndiye ninayeyaimba. Gavan akafuta machozi, akasema tazameni kijana huyu ametoka wapi na amefika wapi, hebu Lindsay rudia. Nikarudia. Maikrofoni ina shetani wake.

Nimeshinda sinia la mbavu za kondoo. Hainipozi.

Jambo jingine, naliandika ili nisiliote. Wakati wanacheza nilitazama juu, mlangoni. Rory alichorwa midomo imefungwa. Najua, nilikaa saa mbili nimeifunga. Leo nimeona meno. Itakuwa taa.

Jumatatu, 14 Julai

Mpango wa pili, huu una hisia. Watu hawamwachi mwanamume anayelia. Ushahidi ni T-Loa. Basi Rory naye atalia.

Nimekwenda klabu asubuhi. Ufunguo ninao kwa sababu mapazia ya mle bado ni kazi yangu. Ukungu wa mtoni, huu tunaouita Jerry, ulikuwa umeteremka na mto Derwent mpaka barabarani. Ng'ambo hakuna, boti hakuna, hata mkono wangu niliusikia tu mlangoni ukitafuta kitasa. Nikapanda juu ya kaunta na glisarini kwenye kichupa. Matone mawili chini ya jicho la kushoto. Kazi safi, machozi ya mtu mwenye aibu.

Kisha nikaugusa mdomo kwa kidole gumba. Sikupanga. Nilimkumbuka Alby tu.

Ulikuwa na joto.

Nikagusa shavu, baridi. Paji la uso, baridi. Ukumbi ule ulikuwa kama jokofu, hita imezimwa tangu Jumamosi. Nikarudi mdomoni. Joto, kama kikombe ambacho mtu amekiweka chini sasa hivi na kutoka nje. Nilishuka bila kutumia ngazi, na goti limevimba.

Jumatano, 16 Julai

Kikao cha kamati. Wameyaona machozi. Shida ni kwamba mimi nilitia jicho moja, na leo yalikuwa yanatoka mawili. Tena mabichi, siku ya pili hii.

Gavan akayagusa kwa kidole na kukilamba. Wasusi hawana kinyaa. Akasema ni chumvi. Glisarini yangu ni tamu, niliionja mwenyewe kabla ya kwenda, kwa kuwa mimi ni mtu wa uhakika. Nikaona nywele za mikono zinanisimama, nikazishusha.

Nao hawakumhurumia hata kidogo. Gavan akasema mwanamume anayelia baada ya kufungashiwa virago ni kila mwanamume aliyewahi kuishi naye, na yeye huyu wa ukutani hamtaki. Dominic akasema T-Loa alilia kabla, hiyo ndiyo tofauti. Watano waliokuwa hawajaamua sasa wanataka talaka.

Shaz peke yake hakucheka. Akaniuliza pembeni kama nimesikia kitu mle ndani asubuhi, nikiwa na mapazia yangu. Nikamwambia kama nini. Akasema kama mtu anayepumua usingizini. Nikamwambia apunguze kahawa.

Ijumaa, 18 Julai

Mpango wa tatu. Huu hauna glisarini wala wimbo, una daftari.

Mshika daftari la wanachama ni mimi. Tuko ishirini na sita, lakini daftari linasema ishirini na saba, kwa sababu jina la Alby sijalikata. Sikuweza. Na kanuni inasema mwanachama asiyeweza kufika anaweza kupigiwa kura na anayeishi naye. Kuhusu kifo kanuni haisemi neno. Waliiandika vijana.

Nimewahesabu mmoja mmoja, nikapita baa hadi baa kumbembeleza kila mtu. Kumi na tatu wako na Rory, wengine kwa huruma, wengine kwa kumchukia Gavan. Kumi na tatu wako na T-Loa. Kura ya Alby itakata mzizi wa fitina.

Jumamosi, 19 Julai

Koti sijavua, naandika hivyohivyo.

Karatasi ya Alby niliijaza mwenyewe mezani kwangu saa nne asubuhi. Kalamu nyeusi, herufi kubwa: RORY. Nikaikunja mara nne, nikaikandamiza kwa kucha kama ninavyokandamiza pindo. Haikutoka mfukoni mwangu mpaka sandukuni.

Shaz akahesabu kwa sauti. Moja moja, kama nilivyopiga hesabu. Kumi na tatu, kumi na tatu. Ikabaki moja. Nikautambua mkunjo wangu. Nikashusha pumzi, nikamtazama Gavan kwa jicho la mwenye nyumba.

Shaz akaikunjua. Kisha akasoma: T-Loa.

Nikaenda kuichukua mkononi mwake. Penseli ya kijani. T yenye kofia iliyolala kushoto. Na chini yake ua dogo la petali tano, lile alilokuwa akinichorea kwenye karatasi za sokoni, chini ya maziwa na vitunguu. Watu wote wa klabu ile wanaujua mwandiko huo, uko kwenye kadi zao za miaka yote. Gavan akakaa chini. Dominic, aliyejiunga baada ya Alby kufa, akauliza nani huyu, akakanyagwa mguu. Shaz akaniambia taratibu, "Lindsay, mpenzi, mimi sielewi." Hata mimi.

Gavan akapata sauti yake kwanza, kama kawaida. Kura ni kura, akasema, lakini hakunitazama.

Penseli ile ya kijani nilimtia Alby mwenyewe mfuko wa juu wa koti, kabla hawajafunga jeneza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelala na mtu yule miaka thelathini. Nimemwekea jina lake kwenye daftari miaka miwili kinyume cha akili zote. Nafasi ya kwanza anayopata ya kuniokoa, ananichongea kwa rapa. Lakini ndivyo alivyokuwa. Kila msimu Alby ndiye wa kwanza kuchoka. Huyu kakata nywele, huyu kanenepa sauti, huyu kaoa. Leteni mpya, leteni mpya. Kumi na nane aliwapigia kura ya talaka huku akipiga mluzi.

Nimeigeuza picha yake itazame ukuta. Mto wake nimeutupia sebuleni, leo atalala huko.

Jumapili, 20 Julai

Mto umerudi kitandani. Una shimo la kichwa. Simsemeshi.

Jumanne, 22 Julai

Sasa na mimi nacheka kidogo.

Dominic ndiye mchoraji mpya. Juzi alimpaka Rory sanda ya kwanza. Macho yakapotea, pua ikapotea, mdomo ukabaki. Jana ya pili. Leo ya tatu, rangi nzito kama mtindi. Nimefika saa sita mchana, mlango mzima mweupe, na katikati mdomo mwekundu umechomoza kana kwamba umetoka kuoga. Dominic kasema ni unyevu na mafuta ya rangi ya zamani. Kisha kasema amechora bucha, amechora vituo vya petroli, amechora nyumba ya mazishi, hajawahi kuona hivi. Alikuwa anaongea mbiombio.

Pembeni mwa midomo rangi mpya ilikuwa na ukungu mdogo, kama kioo ulichokipulizia. Unakuja, unapotea, unakuja. Shaz kakataa kuuza chini yake. Akatundika kitambaa cha vyombo kuufunika. Tukasimama wanne tunakitazama kitambaa kikienda ndani, kikirudi nje. Hakuna dirisha lililokuwa wazi. Dominic akakitoa, akasema bora kuona kuliko kutoona.

Mimi nilielewa. Alby anajuta kura yake. Hawezi kuniacha nifukiwe. Nikasahau kuuficha uso.

Gavan akautazama mlango, akanitazama mimi, akautazama mlango tena. Akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, mbona natabasamu.

Nikafunga mdomo haraka.

"Umefunga," akasema Dominic. Alikuwa hanitazami mimi.

Jumamosi, 2 Agosti

Wameshinda. Dominic alikwenda mjini akaleta rangi nzito wanayopaka nyumba zilizoungua, ile inayozuia masizi yasirudi. Akapaka mara mbili tu. Mdomo ukazima. Nilikuwepo, nimeona. Kwanza ukawa wa waridi, kisha kama kovu, kisha ukawa ukuta.

Leo wamemfunua T-Loa. Siwezi kusema uongo kwenye shajara yangu, amechorwa vizuri. Shingo, maua, jino la dhahabu. Watu wakapiga makofi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hata waliompigia Rory walikuwa wanapiga picha naye. Mzee mmoja aliyelia kwenye tamasha la Rory mwaka juzi akaniambia yeye siku zote alimwona Rory ana kitu cha uongo kwenye mdomo.

Nikaagiza bia. Shaz hakunisikia. Nikarudia. Akainamisha sikio, akasema naona midomo inacheza, mpenzi, lakini hakuna kinachotoka. Mara ya tatu nikaandika kwenye karatasi. Gavan akanipa peremende ya koo. Kila mtu mwema kwangu leo, na hakuna aliyenitazama hata nusu dakika. Nimerudi nyumbani mapema, nikaongea peke yangu jikoni kuhakikisha. Jikoni nasikika. Nadhani.

Wamefukia kazi ya Alby, na kanuni inasema mume aliyefukiwa hafukuliwi. Kanuni imeandikwa na vijana.

Jumanne, 5 Agosti

Naandika haya kwenye meza ya baa, mavumbi ya rangi mpaka kwenye nyusi.

Jerry wa leo sijamwona mwingine kama yeye. Mto haupo, mlima haupo, nimefika klabu kwa kufuata ukingo wa barabara kwa mguu. Nimekuja na kisu cha kukwangulia. Mpango ni mdogo kuliko yote: nakwangua mahali pa mdomo tu, upana wa kiganja, nautoa mdomo wangu juani, nakwenda zangu.

Jino la dhahabu likatoka. Rangi ya masizi ikatoka kwa taabu. Sanda, sanda, sanda. Kisha nyekundu. Mdomo wangu, umefungwa, wa mtu aliyekatazwa kutafuna. Joto lake nikalisikia vidoleni. Nikamwambia hujambo.

Ilinipasa kuacha hapo.

Kisu kikateleza pembeni, kikanyofoa kipande. Chini ya sanda yake kulikuwa na nyekundu nyingine. Namba kumi na nane, yule kijana wa Manchester tuliyemwacha kwa sababu ya masharubu. Nikakwangua nione. Mdomo wangu.

Nilidhani nimekosea. Nikashuka tena. Kumi na saba, aliyevaa sketi kwenye jarida, sisi tukawehuka, kisha akasema ilikuwa sketi tu. Mdomo wangu. Kumi na sita, tuliyempenda majira yote ya joto na hakuna leo anayekumbuka jina lake. Mdomo wangu. Wa kumi na tatu alikuwa rapa aliyesema kwake sisi si watu wa kupenda wala wa kuchukia, na wakati ule hilo lilitosha tukamwoa. Mdomo wangu, na kovu la kinyozi nililopata mwaka huo.

Hakunikalisha hata mara moja, ila kwa Rory. Kumi na nane aliwachora kwa kichwa. Yule wa mwisho ndiye aliyehitaji kunitazama, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeanza kumnyang'anya kumbukumbu, na mimi nilidhani ni heshima.

Nikaendelea. Kila niliposhuka nilikuwa kijana zaidi. Wa tisa nina lile jino lililopasuka kabla halijatengenezwa. Wa sita midomo imejaa, haina mkunjo hata mmoja. Na kila ninaposhuka umefunguka zaidi kidogo kuliko wa juu yake, kana kwamba kwa miaka ishirini na sita mtu alikuwa akikifunga taratibu kinywa kimoja, na mimi nakifungua. Pumzi ikawa inatoka. Si upepo. Ilikuwa na harufu ya chai. Ilinipiga vidoleni, inakuja, inapotea, inakuja, na nje ule weupe umebana madirisha yote, hakuna gari, hakuna ndege, hakuna mtu duniani isipokuwa mimi na kinywa changu.

Tuliwapenda na kuwatupa wanaume kumi na tisa. Mwenye kelele kuliko wote alikuwa Alby, leteni mpya, leteni mpya. Hakuwataka wapya. Alitaka mlango uwe mtupu apate kunichora tena. Nimekaa juu ya kaunta nikalia kwa sauti, na sauti ilitoka, niliisikia.

Wa kwanza, wa 1997. Nacheka. Kinywa wazi, meno yote, nina miaka thelathini na tatu. Nakumbuka ni jioni gani. Sheria ilikuwa imepita, tulikuwa humu humu, na Alby aliniambia neno sikioni. Ndiye mzuri kuliko wote. Sijawahi kuwa vile kwenye kioo chochote. Nikaweka mdomo wangu juu yake, sioni haya kuandika, na ukawa na joto kama zamani.

Mtu mwenye akili angeweka kisu chini.

Lakini nikawaza, je, kama alifanya jaribio kwanza? Kama chini ya huyu yuko mwingine, wa kabla ya kwanza, ambaye hata mimi simjui? Nikakwangua kidogo pembeni. Kisha kidogo tena.

Ni mbao. Mlango wa kawaida wa msonobari, una fundo.

Joto limekwisha.

Jumatano, 6 Agosti

Gavan kanipigia simu saa mbili asubuhi. T-Loa ana shimo la kiganja mahali pa mdomo. Shaz kaingiza kidole akagusa mbao. Kamati inashuku mchwa. Nimeunga mkono mchwa kwa nguvu zangu zote, nikajitolea kushona pazia.

Makombo yote nilikuwa nimeyafagia kwenye bahasha. Nimeyamwaga mezani leo nitafute kile kicheko. Mekundu yote yanafanana. Nimeyapanga asubuhi nzima, nikapata kitu kama nusu ya ndizi.

Saa tisa akaja Dominic, mwenyewe, mlangoni kwangu, na kijitabu cha kuchorea. Kasita sana. Kasema ameshindwa kuchora mdomo mpya, kila anaoutia unaonekana umekufa. Kasema amekuwa akinitazama mimi tangu siku ile ya sanda ya tatu, anisamehe, lakini mdomo wangu ni mzuri ajabu na hajui mbona hakuna aliyewahi kusema. Je, ningekubali kukaa jikoni saa mbili? Angeandika jina langu chini, kila mtu ajue ni wa nani.

Nikamwambia hapana. Mtu ana msimamo wake. Siwezi kumwazima mdomo kijana aliyetutukana beti tatu na kiitikio, alie asilie. Angekuwa Rory, tungezungumza. Dominic akasema amenielewa. Akaniambia basi, Gavan amekwisha kujitolea, wanaanza kesho.

Nimekaa na hilo tangu saa tisa. Mdomo wa Gavan, juu ya baa, kila Jumamosi.

Mwakani kampeni naanza mapema. Naanzia humu ndani, na Alby, maana kumi na tisa nimewaona na nimemwelewa kabisa, lakini ile kura bado hajaieleza. Nimemwambia hivyo waziwazi, nimesimama mbele ya mto wake. Amenyamaza, kama kawaida yake akijua amekosa.